Nyama ya Safari ya Uganda

Mwaka jana nilikuwa kwenye foleni mpakani Busia, na mkoba wangu mmoja begani kama kawaida yangu, wakati mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alipoambiwa afungue kopo lake ili mpekuzi aone kilichomo. Harufu ilinifikia kabla sijaona kitu. Ilikuwa nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo kama maharagwe, ikakaushwa, ikakaangwa mpaka maji yote yakaisha, halafu ikafunikwa kwa samli na iliki ili isiharibike. Mpekuzi aliinusa, akauliza, "Hii yote ni ya nini?" Yule mama akajibu, "Ya njia." Akapita. Mimi nilibaki nimesimama mpaka mtu wa nyuma akanisukuma. Swali hilohilo niliwahi kulisikia likiulizwa ndani ya nyumba yetu Isiolo, na siku hiyo jibu lingekosewa kidogo tu, Baba angeondoka na gari la askari na labda tusingemwona tena.

Wenzangu mliokulia kaskazini miaka ya shifta hamhitaji kuelezwa. Mnakumbuka jinsi watu walivyoacha kusalimiana kwa sauti. Mgeni akifika kwa jirani, hukuuliza ametoka wapi, na ukiulizwa ulisema hukumwona. Kwenda Ngaremara tu, ambako mtoto angeweza kutembea na mbuzi na kurudi, kulihitaji karatasi. Watu wa Sericho waliokuwa wakija kutuuzia samli walipotea, na hakuna aliyeuliza kama walikuwa wamekufa, wamefungwa, au wameingia msituni na shifta, waasi waliokuwa wakipigana na serikali. Sisi watoto tulicheza mchezo wa kutafuta shifta, na hakuna aliyekubali kuwa shifta hata kwa mchezo.

Baba alikuwa dereva wa lori la serikali. Alibeba maji kwenda kwenye mazizi ambako ng'ombe walizuiliwa kabla ya kuuzwa bara. Kazi ilikuwa nzuri, lakini kwa wakati ule ilikuwa kazi ya kutiliwa shaka. Alikuwa Mborana, mtu wa kabila lililoshukiwa kuwasaidia shifta, na alikuwa na lori, na lori lilikuwa na maji, na lilipita porini. Askari wa kizuizi cha barabarani walimjua kwa jina na bado walilipekua lori kila siku. Wazee wa kwetu nao walimtazama kwa jicho la pembeni kwa sababu alivaa kaki ya serikali. Akirudi nyumbani alikuwa mtu asiyeaminiwa na upande wowote, na nadhani ndiyo maana likizo ilimwingia kichwani.

Neno hilo lililetwa na Kaggwa, makanika wa gereji ya kazini kwa Baba, mtu mnene aliyetoka Jinja, mcheshi, asiyekuwa na ndugu mjini petu. Alikuwa akija kwetu jioni kabla ya kafyu kunywa maziwa. Siku moja alimwambia Baba kwamba mfanyakazi wa serikali akipewa likizo anaweza kupewa pia tiketi ya treni, yeye na mke na watoto. Kwa nini asiende kuona Uganda?

"Uganda ni nchi ndogo," alisema. "Siyo kama hii yenu, mtu anatembea wiki moja na bado ni mawe tu. Kule asubuhi unaamka Jinja, saa sita uko Kampala, jioni uko Entebbe unaangalia ziwa. Hakuna mtu anakuuliza karatasi. Ukichoka, unasimamisha basi, unashuka."

"Unashuka popote?" Baba aliuliza.

"Popote."

Baba alicheka polepole, kama mtu aliyeonjeshwa asali.

Tangu hapo walikuwa wakipanga kila jioni. Kaggwa alichuchumaa katikati ya nyumba, akachora kwa ncha ya spana kwenye udongo wa sakafu. Hapa ndiyo Tororo, mnaingilia hapa. Hapa Mbale, kuna mlima. Hapa Jinja, mto unatoka ziwani. Nchi nzima ilienea kati ya kigoda cha Baba na mlango. Baba aliuliza maswali kama mwanafunzi: kutoka hapa mpaka hapa ni saa ngapi, basi ni la rangi gani, watoto watakaa wapi. Walipomaliza, Kaggwa alisimama na kuifuta Uganda yote kwa kiatu chake, kwa sababu wakati ule mchoro wa barabara kwenye nyumba ya Mborana ungeweza kumfunga mtu. Mimi sikujua hilo. Niliona tu watu wazima wawili wakinong'ona juu ya njia, kisha wakifuta njia hiyo wasije wakaonekana. Nilikuwa na umri wa miaka minane, na nilijua ni watu gani hufuta njia zao.

Hapo ndipo shaka yangu ilipoanza. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akisafiri kwa ajili ya kuona. Watu wa kwetu walihama kufuata nyasi, walienda Merti kuchukua ng'ombe wa mahari, walienda kumzika mtu, walienda kuhiji wakijaliwa. Safari ya kwenda kuangalia ziwa na kurudi ilikuwa kama safari ya kwenda kuangalia ukuta. Nilimuuliza Akko, yaani bibi yangu mzaa baba, ambaye alilala kitanda kimoja nami.

"Akko, Uganda ni wapi?"

"Sijui."

"Umewahi kuona mtu ameenda?"

"Nimeona watu wengi wakisema wanakwenda mahali," alisema, akageukia ukutani.

Jibu hilo lilinitosha. Niliamua kwamba hakuna nchi inayoitwa Uganda. Hakuna nchi ambako mtu anashuka kwenye basi popote bila kuulizwa karatasi. Ilikuwa jina walilompa msitu. Baba yangu alikuwa anakwenda kuwa shifta, na Kaggwa ndiye aliyekuwa anamwonyesha njia.

Mama naye alikuwa na yake. Jioni hizo alikaa ametupa mgongo, akifukiza kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, akikitikisa na kukinusa, bila kusema lolote. Baba akimwita aje aone mahali watakapolala Jinja, alijibu, "Niko na kazi." Lakini Baba alipokuwa kazini nilimsikia akizungumza na Akko.

"Mama, mtu anapewa likizo anataka kwenda kuona maji. Mwenyewe anabeba maji kila siku. Hajatosheka?"

"Labda ni maji ya aina nyingine," Akko alisema.

"Ni mwanamke. Huyo mnene amemtafutia mwanamke wa kwao. Atatuonyesha ziwa, halafu atatuonyesha mwenye nyumba."

"Na ikiwa siyo mwanamke?"

Mama alisukuma kuni mekoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi ni heri iwe mwanamke."

Ndipo nikajua kwamba hofu yangu na yake ilikuwa moja.

Likizo ilikubaliwa. Kibali cha kutoka wilayani kilikuwa bado, lakini Baba alisema kitatoka tu. Mama hakuuliza. Alimtuma Baba alete nyama ya paja la dume zima. Alipoletewa, alifunga mlango na kuanza kuikata. Nyirinyiri ya safari kwetu haikupikwa nje. Akko alisema nyama ya njia ikitazamwa na macho mengi inaharibika kabla ya msafiri kufika nusu. Kwa hiyo nyama ilikaushwa ndani, juu ya kamba iliyofungwa kutoka pembe hadi pembe, na tukawa tunainama kupita chini yake kama mbuzi. Ikakaangwa ndani pia, na moshi wa mafuta ukajaa nyumbani, tukakohoa usiku na mchana. Mama hakuimba wakati akipika, ingawa alizoea kuimba. Alikata vipande vidogo sana, vidogo kuliko vya sherehe, kama mtu asiyetaka kumaliza kazi.

Lakini harufu haifungiwi. Mama Kendi, jirani yetu kutoka Meru ambaye mumewe alikuwa karani, alisimama mlangoni na chupa yake ya kununulia maziwa, akamwita Mama kwa jina langu.

"Mama Mumina, leo mnafanya harusi?"

"Hapana."

"Mbona nyama inanukia namna hii? Nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa. Maziwa ni haya."

"Haya basi, mkinyima jirani nyama, hata habari mnanyima?" Alicheka, akaondoka. Mama alimtazama mpaka akaingia kwake, akasema, "Huyo atasema." Sijui kama alisema. Muuza nyama pia angeweza kusema, au walinzi wa gereji, au mtoto yeyote aliyecheza nasi. Miaka yote iliyofuata Mama alimuuzia Mama Kendi maziwa yaleyale kwa kipimo kilekile, na hawakuulizana kamwe.

Walikuja alasiri. Land Rover mbili zilisimama, na askari wakazunguka nyumba. Ofisa wao alikuwa mtu mrefu kutoka magharibi, mwenye sauti ya upole iliyonitisha zaidi kuliko kelele. Baba alikuwa ameshachukuliwa kazini. Nilimwona amekaa nyuma ya gari la pili katikati ya askari wawili, bila kofia yake, na kichwa chake kilionekana kidogo bila kofia hiyo.

Hawakupekua sana. Walimwinua Akko kitandani, wakavuta debe lililokuwa chini yake, wakafungua. Nyirinyiri ilikuwa imejaa hadi juu, samli imeganda nyeupe. Askari mmoja alichovya kidole, akaonja, akaitikia kwa kichwa kama aliyepata hakika. Kila mtu alijua watu wa msituni walikula nini. Nyama isiyooza, isiyohitaji moto wa kuonekana usiku.

"Mama," ofisa alisema, "hii yote ni ya nini?"

"Ya njia."

"Njia ya wapi?"

"Ya Uganda."

"Mzee wako pia amesema Uganda." Ofisa alivuta kigoda cha Baba akakikalia, palepale ambapo Tororo ilikuwa ikichorwa. "Nimemuuliza kila kitu huko nje. Sasa nitakuuliza wewe. Mkisema kitu kimoja, sawa. Mkisema vitu viwili, leo analala kwangu. Tunaelewana?"

Mama aliketi chini. Nilikuwa nyuma yake nimeshika leso yake. Nilijua kwamba tumekwisha. Kwa jioni zote zile hakuwahi hata mara moja kugeuka kuangalia mchoro.

"Mnaenda kufanya nini Uganda?"

"Kuona."

"Kuona nini? Watu wenu wanaona nyasi. Kuna nyasi umeambiwa iko huko?"

"Nimeambiwa kuna ziwa."

"Mnapita wapi?"

"Lori la kazi mpaka Nanyuki. Halafu treni ya Nairobi. Nairobi tunashuka, tunangoja, tunapanda ingine. Tunalala ndani. Asubuhi tunaona Tororo, kuna mlima umekaa peke yake kama nundu."

Ofisa hakuandika. Alimwangalia tu.

"Halafu?"

"Tororo hatushuki. Mzee alitaka tushuke twende Mbale, lakini Kaggwa alimwambia na watoto wadogo ni taabu. Tunashuka Jinja. Mama ya Kaggwa ana nyumba karibu na mto, paa la mabati, mlango wa kijani. Mimi nitalala na watoto upande wa jikoni. Siwezi kulala karibu na watu sijui."

"Mzee amesema mtalala Kampala, kwa ndugu yake."

Nilishika leso kwa nguvu. Mama hakungoja.

"Hana ndugu Kampala. Angekuwa naye, angekuwa amekula mbuzi wangu. Kampala tunaenda asubuhi na treni, tunarudi jioni na basi. Siku nyingine ni Entebbe. Basi la huko mtu anashuka popote, hiyo ndiyo kitu mzee wangu anapenda sana. Hapendi ziwa. Anapenda kushuka."

Askari mmoja mlangoni alikohoa. Ofisa aliinama mbele.

"Na nyama yote hii? Mwezi mzima?"

"Huko wanakula ndizi," Mama alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Asubuhi ndizi, mchana ndizi, usiku ndizi. Kaggwa mwenyewe amesema, na uone alivyo. Watoto wangu wamekulia maziwa na nyama, watakula ndizi kama nyani? Na nyama ya huko amechinja nani? Alisema bismillahi? Wewe unajua? Mimi sijui. Kwa hivyo nimebeba yangu."

"Treni ya Kampala inavuka mto Jinja. Inavuka namna gani?"

"Juu ya daraja la chuma. Unaona maji chini kabisa, kati ya vyuma. Nimemwambia mzee hapo nitafumba macho, na yeye amshike mtoto mdogo, kwa sababu mimi nitamwangusha."

Ofisa aliangalia chini, kati ya viatu vyake. Sasa ninajua, kwa kuwa nimevuka daraja hilo mara nyingi, kwamba lazima naye alikuwa amelivuka, na kwamba kitu fulani katika woga wa Mama kilimgusa. Lakini hakuwa amemaliza. Alinitazama mimi.

"Wewe msichana. Baba yako anaenda wapi?"

Mama hakugeuka. Nilijua jibu la kweli. Nilikuwa nimelijua kwa wiki kadhaa, na lilikuwa linanichoma kifuani. Nilisema uongo wangu mkubwa wa kwanza.

"Uganda," nikasema. "Kuona ziwa."

Ofisa alisimama. Alisema likizo hiyo isahauliwe, kwamba hakuna familia ya Mborana itakayotoka wilayani mwaka ule kwenda kuona kitu chochote, hata kama ni Mecca. Debe walilibeba. Nje nilisikia akimwambia Baba, "Shuka. Mke wako amekushinda kwa maelezo." Askari wakacheka. Magari yakaondoka, na Baba akabaki amesimama uani akitafuta kofia iliyokuwa imebaki huko alikochukuliwa.

Alipoingia ndani, uso wake ulikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha. Safari ilikuwa imekufa na yeye alikuwa anafurahi. Alimwendea Mama, akakaa sakafuni mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kufanya mbele ya mama yake mzazi.

"Ulikuwa unasikiliza," alisema. "Siku zote zile. Mlango wa kijani! Hata mimi nilikuwa nimesahau mlango wa kijani."

Mama alikuwa akifuta mafuta yaliyomwagika sakafuni. Hakuinua kichwa.

"Wameenda?"

"Wameenda."

"Basi sasa niambie ukweli. Mama yako yuko hapa, atasikia. Ni mwanamke, ama ni msitu?"

Baba hakuelewa. Alimwangalia Akko, na Akko akaangalia mikono yake. Alinitazama mimi pia, na lazima aliona usoni mwangu kwamba nami nilikuwa nangoja jibu.

"Ni Uganda," alisema. "Ni Uganda tu. Kuna treni. Kuna ziwa."

"Kweli?"

"Wallahi."

Mama aliacha kufuta. Nilimwona akilipima jambo hilo, akilizungusha, na kwa muda nilidhani atacheka.

"Kwa hivyo hukuniamini," Baba alisema.

"Hata siku moja."

"Na yale yote uliyomwambia yule mtu? Ulidhani unasema nini?"

"Nilidhani nasema uongo wako," Mama alijibu. "Kama mume wangu ana uongo, ni lazima mimi niujue vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Siku ikifika nitaulizwa mimi."

Baba alibaki palepale sakafuni. Furaha ilimtoka usoni polepole, na kilichobaki nilikuwa sijawahi kukiona kwake. Alikuwa kama dereva aliyerudi baada ya mvua na kukuta barabara aliyoipita kila siku imehama, na lori liko njiani, na hakuna mtu wa kumuuliza. Alikuwa ameokolewa na mke ambaye hakumwamini, na alionekana hajui ashukuru kwa lipi kati ya hayo mawili. Mwishowe aliinuka, akaenda kukaa upande wa wageni, karibu na mlango, na akamwomba Mama chai kwa adabu, akimwita kwa jina la babu yangu mzaa mama, kama mtu aliyefika kwetu kwa mara ya kwanza.